Mkono wa Mjomba

Mwanangu alikaa miezi sita bila sigara, na mimi, mjinga wa mwisho, nikahesabu ameacha. Hakuacha. Aliachishwa. Kwenye mafunzo ya jeshi ukikutwa na sigara unatambaa kwenye matope mpaka umsahau aliyekuzaa, sasa nani angevuta? Ni kama mtoto anayeachishwa ziwa kwa shubiri: siku shubiri ikioshwa, anarudi kunyonya. Baba yake tulimzika kwa kifua. Mwaka wake wa mwisho alilala ameketi, na sigara bado alivuta. Sikutaka kuzika tena.

Alipokula kiapo wakampa likizo ya wiki mbili. Nilikwenda kumchukua, akanikumbatia, hana ile harufu. Nililia, sioni haya kusema. Lakini kwetu Kilakala, hatua chache kutoka mlangoni, kuna duka linalouza sigara mojamoja, na wenzake wanashinda pale kwenye benchi. Nikajifanya mjanja: nyumbani hafiki. Tukapanda moja kwa moja Uluguru kwa kaka yangu, kwenye migomba na maharage, ambako kwenda dukani ni kushuka mlima mzima. Kumbe naruka majivu, nakanyaga moto.

Kwetu Waluguru baba anazaa, lakini mwenye mtoto ni mjomba. Kaka alikuwa ameita wazee wenzake waje kumwona mwanajeshi wao. Mwanangu akainama, "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshakuwa mtu mzima. Kaa hapa na sisi."

Kisha akatoa tumbaku, ile anayoilima mwenyewe nyuma ya jiko, akaisokota kwenye karatasi, akawasha, akavuta mara moja, akamnyooshea mwanangu. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anampa heshima, na kwa kaka yangu hakuna heshima iliyozidi hiyo.

Mwanangu hakupokea. Aligeuka akanitazama.

Nilijua cha kusema: Kaka, samahani, huyu ameacha. Maneno manne tu. Lakini wazee wote wanatazama, na mimi nimelelewa kwamba mwanamke haukatai mkono wa kaka yake mbele za watu. Nikainamisha uso, nikawa najifunga kanga ambayo ilikuwa imeshafungwa vizuri. Mwanangu akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Asante, kaka."

Sasa yuko kikosini, mbali. Anamaliza pakiti kwa siku. Kikohozi chake kwenye simu nakijua, ni kile cha baba yake, nimelala nacho chumba kimoja miaka na miaka. Nimemsihi, nimemnunulia pipi za kutafuna, nimemwombea. Hakuna kitu.

Juzi uvumilivu ulinishinda, nikampigia simu nikamfokea: siku ile kwa mjomba wako, mdomo ulikuwa nao, kwa nini hukukataa?

Alikohoa kwanza. Nilisubiri mpaka akamaliza.

"Mama, ningemkataaje mjomba? Nilikuwa nakungoja wewe."