Vyoo Vinne vya Mgeni wa Mombasa

Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni mgeni wetu alishuka kwenye basi, akaitazama barabara kuu ya Isiolo toka mwanzo hadi mwisho, akamaliza mapema.

Alitoka Mombasa, mji wa kale. Mwanangu alitaka kumuoa binti yake, na mzee alikuwa amesema kwa simu kwamba kijana hana kasoro. Shaka yake ilikuwa mji. Binti yake alizoea bandari, kahawa, na watu barazani hadi usiku. Hangemtoa aende mahali ambapo watu hulala na kuku. Angekaa usiku mmoja, kisha aseme ndiyo au la.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Shule niliacha darasa la nane, mengine nimejisomea. Nilitafuta kijitabu cha watalii kuhusu mji wake, nikachora safu mbili. Palipokuwa na bandari yake niliandika uwanja wa malori ya mbuzi. Palipokuwa na ngome yake niliandika mahali tulipoahidiwa kujengewa mji wa kitalii: yeye ana kilichokuwako, sisi tuna kitakachokuwako, na vyote hutazamwa kwa heshima ileile. Mwisho niliweka hoteli ya mbuzi choma. Kila kituo nilikipa dakika ishirini na tano.

Kosa lilifanyika nyumbani, kabla ya kituo cha kwanza. Kwetu mgeni wa heshima hupewa maziwa ya ngamia, na hapimiwi. Sote tunajua yanavyomfanya mtu asiyeyazoea. Mke wangu alijua. Mimi nilijua. Lakini nani angempa mkwe nusu kikombe? Alipewa kibuyu kizima, kikinukia moshi, akakimaliza.

"Mashallah, matamu haya," akasema.

"Ongeza," mke wangu akasema, maana hiyo nayo ni desturi.

Saa mbili kamili tulikuwa kwenye malori. Nilikuwa nikieleza lori moja hubeba mbuzi wangapi aliponishika mkono.

"Ndugu yangu, msalani ni wapi?"

Dereva mmoja alimpeleka kwenye choo cha walinzi. Dakika kumi na nne. Mahali pa mji wa kitalii nilipafuta kwenye orodha. Hapana choo, na hapana hata kichaka cha kufaa. Tulikwenda msikitini, ambako waliokuwa wakitoka kuswali isha walimpisha mbio, kisha tukafika kwa mama wa chai karibu na soko. Alimtazama mgeni usoni kabla ya salamu.

"Huyu amekunywa maziwa ya ngamia?"

"Kibuyu kizima," nikasema.

"Woi! Mnataka kuua mkwe? Baba, pita hapa nyuma, beba hii birika ya maji." Kisha akanigeukia. "Na wewe fundi wa mizani, ulishindwa kupima?"

Waliokuwa kwenye mabenchi walicheka hadi chai ikamwagika. Habari ilitutangulia. Mama alipofunga kibanda usiku nilimpandisha bodaboda turudi nyumbani, lakini hakufika. Tukiwa mtaa wa Chechelesi alimpiga dereva begani, na tukabisha mlango wa kwanza uliokuwa mbele yetu. Ilikuwa saa tano na nusu. Mama mmoja Mturkana, ambaye hatukumjua, alifungua akiwa na tochi.

"Ni yule wa maziwa ya ngamia? Umekunywa kiasi gani? Choo iko huko kando. Ingia, ingia!"

Alipotoka alikuta kiti, chai ya tangawizi bila maziwa, na majirani sita walioamka kuja kumpa pole. Kila mmoja alikuwa na kisa cha mgeni wake na kibuyu chake. Mzee alianza kucheka kwenye kisa cha tatu. Cha saba alikitoa mwenyewe, nacho kilihusu pweza. Tuliondoka saa nane, na wengine walibaki wakiongea.

Asubuhi, akiwa amesimama mlangoni mwa basi, alitoa uamuzi wake.

"Binti atakuja. Kwetu ukibisha hodi usiku kama ule, watu wataka kwanza kujua u nani. Hapa waliniuliza nimekunywa kiasi gani." Akapanda ngazi moja, akageuka. "Ila yeye mpimieni."

Hoteli ya mbuzi choma hatukuifikia. Nilikuwa nimetenga shilingi elfu tatu na mia tano. Chai ilikuwa sitini, bodaboda mia tatu. Nilirudi nyumbani na shilingi elfu tatu mia moja na arobaini.