Kofia ya Bwana Melvili

Kila kofia nzuri iliyouzwa dukani kwa Hashil, pale Kariakoo, ilitoka mapajani mwa Mwanamkuu. Mumewe alipomwacha, kudarizi ndiko kulikomlisha. Mnunuzi akisifu, Hashil hujibu, "Kazi ya duka langu," na Mwanamkuu, kasimama mlangoni na kikapu chake, anameza mate. Alichokitaka ni kidogo tu: siku moja atajwe jina.

Ndipo ikaja kofia ya Mzungu. Ya mahameli, ina kishada, nondo wameila. Ukingoni palikuwa na nakshi za uzi wa fedha, zimechakaa.

"Ya Bwana Melvili, mkubwa wa maghala kule Kivukoni," Hashil akasema. "Ifanye mpya. Akiipenda, atatuletea wenzake."

"Utamwambia nani kaishona?"

"Shona kwanza, bibi. Sifa utazila?"

Mwanamkuu akaifanya kama afanyavyo kila kofia kuukuu: akafumua uzi wote uliochakaa, halafu akadarizi upya maua yake, yale anayowawekea mabwana harusi. Mwenyewe aliitazama akaona hajapata kushona kitu kikapendeza vile.

Bwana Melvili alipoipokea, aliketi juu ya gunia la mchele pale dukani, akapapasa ukingo kwa kidole. Aliyeeleza ni mpishi wake, Rajabu, aliyekuwa ameileta kofia kwa Hashil. Ujanani bwana huyu alichezea taifa lake mpira mrefu kama papai, ule wa kubebwa kifuani huku watu wanaangushana. Kofia alipewa na nchi yake, na zile nakshi zilikuwa miaka kwa tarakimu za Kizungu: kila mwaka aliochezea taifa ulishonwa pale. Kisha ikaja vita ya Mjerumani, risasi ikamvunja goti, na mchezo ukaishia hapo.

"Nilikwambia, Bwana Hashil," Rajabu akasema, "miaka isiguswe."

Hashil akanyoosha kidole mlangoni. "Mwanamkuu huyo. Kazi yake yote, mimi sikutia mkono."

"Hukuniambia neno," Mwanamkuu akasema. "Nipeni niirudishe. Maumbo yote nayakumbuka."

Bwana Melvili akatikisa kichwa, akatoka akichechemea, kofia kwapani.

Tangu hapo Hashil hakumpa kazi. Mwanamkuu akatandika mkeka nje ya soko, akapanga kofia zake. Mteja wa kwanza akaokota moja, akaigeuzageuza, akaijaribu kichwani.

"Hii kashona nani?"

"Mimi, Mwanamkuu."

"Wewe ndiye uliyeiharibu ya Mzungu?"

"Ndimi."

Mtu yule akaivua, akairudisha mkekani taratibu, akaenda zake.