Gari la Babu Juu ya Majamvi ya Bibi

Juzi asubuhi nilikuwa nimeketi barazani na msahafu wangu, kijana wa nyumba ya pili akaleta mnyororo wa pikipiki yake, akauosha kwa mafuta taa ndani ya sufuria kuukuu. Harufu ikanifikia pale nilipo. Wenzangu wa rika langu wakisikia harufu ya mafuta taa hukumbuka koroboi na kusoma kwa macho mekundu. Mimi hukumbuka ua wa nyumba yetu ya Malindi, miaka ya themanini, na injini ya gari la Babu imetandazwa juu ya majamvi kama mchele ulioanikwa juani.

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, buluu iliyopauka, mgongo wake umeumuka. Mtaa mzima wakiliita Kasa. Babu alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na kila Ijumaa baada ya sala alimpandisha Bibi kiti cha mbele, wakaenda Mambrui kuwatazama jamaa. Bibi alikuwa na desturi ya kushika dirisha kwa vidole viwili safari nzima, kana kwamba yeye ndiye anayelizuia lisipae.

Babu alipofariki alizikwa huko Mambrui, kwa wazee wake. Kasa likaingizwa bandani, na hewa ya chumvi ikaanza kulila polepole. Bibi naye magoti yalimkatalia. Kupanda matatu hakuweza, na kila alipoletewa gari la watu alishukuru kwa adabu akasema leo hajisikii. Sote tulijua. Alitaka kwenda kwa mumewe na gari walilokuwa wakienda nalo, na tangu siku ya maziko hakuwahi kufika.

Ami Salimu, kaka yake Baba, alikuwa akiuza mbao na alilitaka lile banda. Mwezi wa Shaabani ulipoandama alikuja, akambusu Bibi mkono, kisha akamgeukia Baba.

"Mwalimu, nimesema na mwenye lori la vyuma chakavu. Atakuja tukishavunja jungu."

"Likiwa linatembea je?" Baba akauliza.

"Litembee na nini? Kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma."

"Litatembea kabla ya Ramadhani, inshallah. Nitalifungua mwenyewe na kulifunga mwenyewe."

"Inshallah zako nazijua. Ule ukuta wa choo mpaka leo uko kwenye inshallah."

Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Salimu," alisema, "likitembea, lori lisije. Lisipotembea, sitasema neno." Maneno yakawa hayo.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo. Asubuhi alisomesha watoto Qur'ani, mchana alikuwa huru. Tulimwona mtu anayejua kila kitu, kwa hiyo haikutupitia akilini, mimi na dada yangu Rukia, kuuliza amejifunza wapi mambo ya injini. Alikunja mikono ya kanzu, akaliita jina la Mwenyezi Mungu, akafungua boneti kwa utulivu wa mtu anayefungua kitabu alichokisoma mara nyingi.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kushika spana. Aliomba majamvi. Nanyi mnaopenda magari ya zamani lishikeni hili: kabla ya kufungua chochote, andaa mahali pa kukiweka. Bibi alitoa majamvi yake mazuri, yale ya Maulidi, na Mama akanung'unika kwa niaba yake. Baba akatueleza kwamba kila kitakachotoka kitalazwa kwa mpango, kutoka kushoto kwenda kulia, na bolti ikishatoka hurudishwa papo hapo kwenye tundu lake kwa mzunguko mmoja au miwili ya mkono, isipotee wala isichukue nafasi ya nyingine.

Nati zenye kutu hakuzipiga vita. Alizitia mafuta taa jioni, akaziacha zilale. Asubuhi alizigonga kidogo kwa nyundo, akazikaza kwanza kwa kiasi cha unywele, ndipo akazilegeza. "Mtu mkaidi humwanzi kwa kumvuta kwako," alisema. "Mwache aende kidogo anakotaka yeye." Nimewalea wanangu kwa maneno hayo, na wakwe pia.

Kazi yetu sisi ilikuwa kuhifadhi. Kila kitu kilichotoka Baba alikitaja kwa sauti, nasi tukakitaja baada yake, tukakiunga na vilivyotangulia, kwa mahadhi yale yale tuliyotumia chuoni. Feni na mkanda wake. Rejeta na mipira yake, mnene juu, mwembamba chini. Waya za plagi, mrefu, wa kati, mfupi, na mfupi wenye mkato. Kabureta na karatasi yake. Hatukujua kabureta hufanya nini. Lakini hata zile sura fupi tulizozisoma kila asubuhi tulikuwa hatujui maana yake, na hilo halikutuzuia kuzisoma bila kukosa. Bibi mwanzoni aliona tunaichezea Qur'ani, akamwita Baba pembeni. Alirudi ameridhika, ila akatutaka tusitie bismillahi kwenye rejeta.

Fito za vali, ambazo zote zinafanana, Baba alizichomeka katika kipande cha boksi kwa safu. Alisema kila moja imezoea mahali pake kwa miaka mingi, na ukiipeleka kwingine itasononeka. Vyuma vingine tuliviosha kimoja kimoja, tukavipangusa, tukavirudisha jamvini pale pale. Ua wote ukanuka mafuta. Kifuniko cha injini kilipong'oka hatimaye, tulikikwaruza masizi mpaka tukajiona usoni mwake.

Ndipo mzee mmoja wa mtaani akafariki, Mungu amrehemu.

Aliyekulia Pwani kati yenu anajua nini hutokea. Penye msiba majamvi ya mtaa huwa ya wote. Vijana hupita nyumba kwa nyumba wakiyachukua, na hakuna mwenye jamvi anayeulizwa wala anayekataa. Sisi sote tulikuwa tumeshakwenda msibani. Ua wetu ulikuwa mpana, ukachaguliwa kuwa mahali pa wanawake. Bi Mwanamisi, jirani yetu, mwanamke mwepesi wa mikono asiyeweza kuona kitu kichafu akakipita, akaja na wenziwe kuutayarisha.

Tuliporudi majamvi yalikuwa yamekwenda. Injini ya Babu ilikuwa juu ya kichanja cha vyombo, imeoshwa kwa sabuni na maji ya kisima, vikubwa na vikubwa, vidogo na vidogo, nati na bolti zote zimefunguliwa na kutiwa pamoja ndani ya bakuli la mchuzi.

"Mwalimu, vidude vyenu vilikuwa na uchafu huo," Bi Mwanamisi alisema, akijifuta mikono kwa leso. "Tumeviogesha vyote. Hicho cha boksi tu tumekiegemeza ukutani, tuliogopa kukitia maji."

Nilimtazama Baba. Midomo yake ilikuwa ikisogea bila sauti. Kisha akasema, "Ahsante, Bi Mwanamisi. Mungu awalipe. Mmevitakasa kuliko sisi."

"Hata kisichojulikana kazi yake tumekisugua."

"Naona."

Alisubiri mpaka wanawake walipokwisha kuketi, akatupa kila mmoja kitambaa na kikopo cha oili. Chuma kilicholowa karibu na bahari hakingoji kesho, kitakuwa na kutu kabla hujamaliza kukilaumu. Tukavipaka vyote mafuta huku upande wa pili wa ua wakisomewa marehemu dua. Siku ile nilimwona Baba amechoka kwa mara ya kwanza. Vile vipande vilikuwapo vyote, hakuna kilichopotea. Kilichopotea ni mpango, na Shaabani ilikuwa imeshapita nusu.

Matanga yalipoanuliwa na majamvi yakarudi, Baba alituita. "Semeni," akasema. "Kinatangulia nini kuingia?"

Tulikuwa tumehifadhi jinsi vilivyotoka, na kufunga gari huenda kinyume, cha mwisho kutoka ndicho cha kwanza kurudi. Rukia alijaribu kuanzia mwisho akafika vitu vitatu akakwama. Jaribu na wewe kuisoma sura yoyote unayoijua kutoka neno la mwisho hadi la kwanza, utaona. Mimi nilianza kulia. Niliona lori limeshafika mlangoni na Bibi amekaa kimya kama alivyoahidi.

Bibi akaja na mkongojo wake. "Mnalilia nini? Someni kama mlivyofundishwa, mbele kwenda nyuma. Kila mnachokitaja kitafuteni mkilaze jamvini. Mkimaliza, si mtaanza kuokota huku mwisho?"

Baba akacheka. Ndivyo tulivyofanya. Tulisoma, tukachakura kichanja na bakuli la mchuzi, tukalaza. Nati na bolti tulizijaribu mahali pake kwa vidole, maana iliyo mahali pake huingia bila kulazimishwa, na inayogoma si yake. Jamvi likajaa tena kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha Baba akasimama kulia, akaanza kuokota.

Kufunga kulikuwa na adabu zake. Kila bolti iliingia kwanza kwa mkono, spana ikafuata baadaye. Nati za kifuniko cha injini alizikaza akianzia za katikati akitoka nje, kidogo kidogo, akarudia mzunguko mzima tena na tena mpaka zikawa na nguvu sawa. Karatasi za zamani za kuzuia mafuta hakuzirudisha hata pale zilipoonekana nzima. Na breki alizishughulikia kabla ya kufikiria kuwasha. "Gari lisilowaka litakuudhi," alisema. "Lisilosimama litakuzika."

Siku ya kuvunja jungu watu walijaa uani kwa chakula. Kasa lilikuwa limesimama kwa matairi yake, na halikuwa na betri. Ami Salimu alilizunguka, akachungulia ndani. Kisha akatoka. Tukadhani amekwenda kumwita mtu wa lori. Akarudi na betri ya gari lake mwenyewe begani, kanzu imechafuka.

"Isije ikasemwa nililinyima," alisema.

Bibi alitaka kuketi ndani kabla halijawashwa. Akapanda kiti cha mbele na buibui lake, akashika dirisha kwa vidole viwili. Baba akazungusha ufunguo. Kasa likakohoa, likapiga mshindo mmoja, kuku wakatawanyika, likazima. Akajaribu tena. Mshindo, moshi, kimya.

"Mwalimu," Ami Salimu alisema taratibu, "umejitahidi."

Rukia alikuwa mbele ya boneti iliyo wazi. Midomo yake ikicheza. "Mrefu, wa kati, mfupi, na mfupi wenye mkato," akasema kwa sauti. "Baba, wenye mkato umetangulia."

Baba akashuka. Waya mbili za plagi zilikuwa zimepishana. Akazibadilisha, akapanda, na safari hii Kasa lilinguruma lote kwa pamoja, mpaka vifuniko vya masufuria vikatikisika jikoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Ami Salimu alisimama karibu na injini, mkono juu ya bati, akatikisa kichwa, machozi yakimtoka, akisema ni moshi.

Baba alijaribu breki uani, mbele na nyuma, kisha tukatoka. Mimi na Rukia nyuma, Ami kando yetu akishikilia mlango ambao kitasa chake hatukukiamini. Tulivuka daraja la Sabaki polepole, na nyuma yetu madereva wakipiga honi. Kule Mambrui wanawake hawakuwa na desturi ya kuingia makaburini, kwa hiyo Baba aliliegesha gari ukutani, pale ukuta ulipokuwa mfupi. Bibi akateremsha kioo, akainua mikono, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu. Baba hakuzima injini, aliogopa isiwake tena, kwa hiyo Bibi alimsomea Babu huku Kasa likitetemeka chini yake. Mwisho akasema, kwa sauti ya kumwambia mtu aliye karibu, "Nimekuja nalo."

Banda Ami hakulipata.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, na Bibi ameshatangulia, Ami Salimu aliponiambia kwamba Babu hakuwahi kuwaruhusu wanawe kugusa hata boneti ya lile gari. Baba hakuwa amefungua injini yoyote maishani mwake. Mwezi ule wote, chuo kilipofungwa Alhamisi, alipanda basi hadi Matsangoni kwa fundi mmoja wa magari ya zamani, akamuuliza la wiki inayofuata. Na Bibi alijua. Ndilo Baba alilomwambia pembeni ilipotajwa Qur'ani: kwamba anafundisha kwa sauti ili watoto washike, kwa kuwa yeye mwenyewe hatakumbuka.

Nilikwenda kumuuliza Baba. Alikuwa mzee, macho yamefifia, bado anasomesha wachache.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa mbele yenu kwa ukurasa mmoja."

"Na Bi Mwanamisi alipovichanganya?"

"Hapo mkawa mbele nyinyi."

Nami sasa nimesomesha miaka mingi, watoto wa watu na wajukuu zangu. Wazazi huja kuniuliza kuna faida gani mtoto kubeba moyoni maneno asiyoyajua kazi yake. Huwaketisha nikawaandalia kahawa. Mtoto aliyepewa kitu akishike hukishika kwa ajili ya mkubwa aliyempa, na iko siku yule mkubwa atakihitaji, atasimama mbele yake mikono mitupu, amuombe amsomee. Namshukuru Mola kwamba Baba alipotuomba, tulikuwa nacho.