Hita inapuliza baridi

Leo fundi amenituma kwa marehemu mume wangu.

Wiki nzima hita ya gari imekuwa ikipuliza hewa baridi, na mnajua baridi ya Julai hapa Kitengela.

Fundi alifungua boneti, akachungulia rejeta, akacheka.

"Mama, ni maji tu yamepungua. Kwani nani huweka?"

"Mzee wangu."

"Basi mwambie asisahau tena."

Nikajibu, "Nitamwambia."

Kila Jumapili kabla ya kanisa, mume wangu, Baba Naserian, aliinama hapo kwenye boneti na jagi la bluu, nami nikimpigia honi kwamba tunachelewa. Sikuwahi kumuuliza anafanya nini.

Sasa hita inafanya kazi. Nimefika nyumbani, na bado nimekaa ndani ya gari.

Ninyi mliofiwa, mmewahi kukubali kupeleka ujumbe kama huo?