Karatasi za Kukatwa Majina

Jarida la binti yangu lilifika kwangu mtaani Mbotela juu ya mkokoteni, na sikulipenda tangu siku hiyo. Maboksi manne, taipureta, na mashine ya kurudufu yenye mkono wa kuzungusha. Chuo alikofundisha kilikuwa kimewanyang'anya chumba walichokuwa wakitumia.

"Mbona wamewafukuza?" nikamwuliza.

"Hatukufukuzwa, Mama. Tumehamishwa."

Mtu aliyehamishwa huonyeshwa pa kwenda. Yeye alionyeshwa mlango.

Lilikuwa jarida la lugha, historia na mila. Walilianzisha walimu watatu, yeye akiwa mhariri, na lilitoka mara mbili kwa mwaka, Mungu akipenda na wino ukipatikana. Mimi shule niliiachia darasa la tatu. Biblia naisoma, polepole, kidole kikitangulia. Lakini macho ninayo, na niliyoyaona mezani pangu hayakunipendeza.

Kila makala ilipoletwa kutoka posta, binti yangu alichukua wembe akakata jina la mwandishi. Jina alilitia kwenye bahasha, bahasha akaifungia ndani ya mkebe wa biskuti. Zile karatasi zisizo na mwenyewe akazipeleka kwa wasomi wawili wazipime. Maoni yao yaliporudi, nayo akayakata majina.

"Ni haki, Mama. Msomaji asije akampendelea rafiki yake, wala mwandishi asije akamchukia msomaji."

"Mwenye maneno mazuri anaficha jina la nini?"

Miaka hiyo karatasi isiyo na jina haikuwa mchezo. Watu waliokota za siasa mlangoni asubuhi wakazichoma hata chai haijachemka. Jirani yangu, mke wa karani wa reli, aliniuliza tukianika nguo, "Mama, hao wenye mikoba wanaokuja kwako kila Jumamosi ni watu wa kanisa?"

"Ni wa kanisa," nikamjibu, kisha nikaenda kuwachunguza mwenyewe. Walimu hao walipoondoka nilipekua maboksi. Niliinusa hata bahasha. Mjukuu wangu, msichana mwenye akili kama sindano, akanicheka: "Shosh, kwani wewe ni CID?"

"CID ana likizo," nikamwambia. "Mimi sina."

Binti yangu alikuwa na hofu moja tu. Wakubwa wa chuo walikuwa wakingojea kosa. Likitoka kosa moja kubwa, watasema hilo ni jarida la jikoni, walifunge. Na jina la mhariri ndilo pekee lisilokatwa. Limekaa pale mbele, kila mtu analiona.

Jumamosi moja alikuwa akisoma makala kwa sauti, mwalimu mwenzake akifuatisha kwenye karatasi iliyopigwa taipu, watoe makosa. Mimi nachambua mboga ya mrenda. Makala ilihusu nyimbo za akina mama wa kwetu magharibi, na wasomi wote wawili walikuwa wameisifu. Akasoma: "'Mgeni wetu anaondoka, mfungulieni lango.' Huu huimbwa na wanawake wakimsindikiza bibi harusi."

Mkono wangu ukasimama ndani ya sufuria.

Wimbo ule niliuimba mimi. Mwaka uliotangulia, msichana mmoja mwenye kinasa sauti alikuja kukaa na akina mama baada ya ibada, akiomba nyimbo za zamani. Sikumwamini. Viatu vyake vilikuwa safi mno kwa matope yetu, na ukoo wake hakuutaja mpaka nilipomwuliza. Lakini nilikuwa nimetoka kumzika dada yangu, na wimbo ulionitoka ni ule uliokuwa umekaa kifuani. Aliponiuliza ni wa nini, nikashtuka. Kwetu marehemu hatajwi jina mpaka azikwe. Anaitwa mgeni. Na wimbo wake hauimbwi pasipo na msiba. Nimwambie mtu nisiyemjua kwamba nimeita msiba katikati ya wazima?

"Wa harusi," nikasema. Akaandika. Akina mama wenzangu wakatazama sakafu.

Sasa uongo wangu ulikuwa mezani pangu, unangoja kurudufiwa. Ungefika nyumbani, watu waseme binti wa fulani ameozesha maiti. Ningeweza kunyamaza. Kwa miaka miwili nilikuwa nimewaita hawa watu wadanganyifu, na kiburi kilitaka niendelee kuchambua mboga.

"Huo si wa harusi," nikasema. "Ni wa kuzikia."

Yule mwalimu akatabasamu. "Mama, makala hii imepita kwa wasomi wawili."

"Basi wote wawili hawajafiwa kwetu."

Binti yangu akaweka kalamu chini. "Una hakika?"

"Aliyemdanganya huyo msichana ni mimi."

"Umejuaje ni msichana? Jina nimelikata!"

"Jina umelikata. Wimbo hukuukata."

Mwalimu akakohoa kuficha kicheko. Binti yangu hakucheka. "Wewe! Wewe unayenipekulia maboksi!" Akachana ule ukurasa, akamwandikia mwandishi kwamba msomaji wa tatu ana shaka, arudi kwa waliomwimbia aulize upya. Msomaji wa tatu ni nani, hakusema. Sheria yao ndiyo hiyo, na siku hiyo niliipenda.

Baada ya wiki tatu msichana akaketi kando yangu baada ya ibada, viatu sasa vina matope.

"Mama, kuna msomaji mmoja mkali sana. Anasema wimbo wako si wa harusi. Sijui ni profesa gani."

"Hao huwezi kuwaamini," nikamwambia. "Lakini hapo amesema kweli."

Sikuimba tena. Nilimweleza habari ya mgeni na lango, na kwa nini nilimdanganya, naye akaandika yote bila kuinua kichwa. Alipomaliza akaniomba msamaha, ilhali mkosaji nilikuwa mimi.

Toleo likatoka, na chuo hakikupata pa kushika. Kabla ya kurudufu, binti yangu aliniletea ule ukurasa. Chini kabisa msichana alikuwa ameandika jina langu, lote, na la baba yangu, kunishukuru.

"Tuliache, Mama?"

Nililisoma kwa kidole, mara mbili. Nikamwambia alete wembe.