Mtanitoa Nikiwa Maiti

Nilipokuwa sekondari mjini Sumbawanga, mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha msemo wa Waingereza wa kukataa jambo katakata: labda mpite juu ya maiti yangu. Akatueleza kwamba anayesema hivyo hana mpango wowote wa kufa, anatia chumvi tu. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimjua mtu aliyesema maneno hayo bila chumvi hata chembe.

Ni bibi yangu, mzaa baba. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa na miaka minane. Kitongoji kizima kilikwishahamia kando ya barabara, wazazi wangu wakiwemo. Bibi aligoma, na mimi nikaachwa nimtekee maji. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kufukia majani kwenye yale matuta ya duara tunayolima Ufipa, yaoze yakisubiri ulezi. "Nikiondoka atavuna nani, nyani?" Mgambo walipokuja mara ya kwanza aliwapa togwa, akawaambia, "Hapa mtanitoa nikiwa maiti." Wakanywa, wakaenda zao.

Mara ya pili walikuja asubuhi, upepo wa baridi ukikata masikio. Walikuwa wanaume sita na katibu wao, na hakuna aliyemwamkia. Mmoja alishika kijinga cha moto. Bibi aliwatazama, akaingia ndani, akakaa kwenye mkeka wake.

Katibu akanigeukia. "Wewe ndiye mjukuu? Haya, ingia ukamtoe bibi yako."

Niliingia. Bibi alikuwa na desturi ya kunitania kwamba sisi ni wake wenza, na hata siku ile hakuiacha. "Mke mwenzangu, na wewe wamekutuma?"

Nje walikuwa wamewasha banda la kuku ili kumtisha, na moshi ulianza kuingia kwetu. Nilikuwa na hakika tutaungua.

"Unaogopa?"

"Naogopa, bibi."

"Basi toka. Mimi niache."

"Sitoki."

Msidhani ulikuwa ushujaa. Kumwacha mle peke yake kulinitisha kuliko moto. Nikamng'ang'ania kanga, nikalia mpaka nikakohoa. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akanifunika blanketi lake, akanitoa nje.

Ukoo wetu unasimulia kwamba nilimwokoa bibi, na kwenye sherehe hunipigia makofi. Natamani wangeacha. Wanaume sita hawakumweza. Nilimweza mimi, kwa kilio. Aliishi miaka mingi pale kando ya barabara. Akiambiwa ale, anakula. Akiambiwa apishe wageni chumba, anahama na mkeka wake. Sikumsikia tena akikataa kitu.