Dada Tuliyemsomea Hitima Yu Hai

Admin, naomba ufiche jina langu maana hapa Mikumi nafahamika. Majina yote ya humu nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, nauza chakula stendi. Wazazi wangu wote wako hai, naishi nao. Jambo lililonipata ni zito, tangu lianze sili nikashiba.

Enzi za vijiji vya Ujamaa, mimi nikiwa darasa la pili, baba alikuwa balozi wa nyumba kumi hapa hapa Mikumi na mtu wa kuheshimiwa sana. Mwaka ule pamba ilikubali. Kikaja kikundi cha sarakasi Kilosa mjini, baba akatupakia wote kwenye lori la kijiji twende tukaone. Mimi nilikaa mapajani kwa dada yangu mkubwa, Zuhura. Alikuwa kamaliza darasa la saba, na posa yake baba alishaipokea bila kumuuliza.

Jamani, tuliona mambo! Watu wanapandana mabegani, binti anajikunja mpaka kichwa kinatokea katikati ya miguu. Mwisho wakauliza nani kati ya watazamaji anaweza kusimama begani kwa mtu bila kushikwa. Dada akanishusha, akakaza kanga kiunoni, akaenda. Alisimama kule juu, mikono kainyoosha, uwanja mzima makofi. Mama mwenyewe alipiga vigelegele. Baba akaingia uwanjani, akamwamuru ashuke, akamzaba kibao mbele ya watu wote. "Mtoto wa balozi unawaonyesha watu mapaja?" Tukapakiwa kwenye lori tukarudi nyumbani.

Asubuhi dada hayupo. Baba akapanda gari moshi kumfuata Morogoro, ambako kile kikundi kilikuwa kimeelekea. Alirudi peke yake. Akasema Zuhura kashikwa na kipindupindu, amekufa, na serikali imeshamzika huko huko. Wakati ule kipindupindu kilikuwa kinaua kweli na maiti hazikuletwa nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyehoji. Tukaweka matanga, hitima ikasomwa. Mama alikonda akabaki mifupa. Nilipojifungua binti yangu wa kwanza nilimpa jina la Zuhura, na mpaka leo mama akimaliza kuswali humwombea marehemu mwanawe.

Wiki iliyopita basi la kutoka Iringa lilisimama abiria wale. Akashuka bibi mmoja mrefu, mgongo umenyooka. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akanitazama usoni. Akauliza kama mzee Shabani aliyekuwa balozi bado yu hai. Nikamwambia ndiye baba yangu. Akanishika mkono.

"Basi wewe ni Mwajuma. Mimi dada yako, Zuhura."

"Mama, usinitanie. Zuhura alikufa."

"Nani kasema?"

Nilimwangalia vizuri. Ilikuwa sura ya mama yangu tupu. Mwiko ukanidondoka.

Tulikaa nyuma ya banda tukalia mpaka basi likamwacha. Anasema baba alimkuta Morogoro mzima wa afya, akamtaka warudi, yeye akakataa kwa sababu ya ile ndoa. Ndipo baba akamwambia, "Mama yako kasema usiporudi leo, usikanyage tena kwake." Mama hakuwahi kutamka maneno hayo! Lakini dada aliamini. Akazunguka nchi na sarakasi, akaolewa Iringa, akazaa, akazeeka, akijua mama yake kamkataa. "Nimekuja kumwomba radhi, mdogo wangu, kabla hatujafa."

Nilimsihi arudi Iringa kwanza, nikamwendea baba. Hakubisha. Alisema, "Nilirudi mikono mitupu, balozi mzima. Watu ningewaambia nini? Nilijua atarudi mwenyewe, niseme nilipewa habari za uongo. Hakurudi." Kisha akalia, na sijawahi kumwona baba akilia. "Mwanangu, nizike kwanza, ndipo umwambie mama yako."

Lakini baba bado ana nguvu zake. Anayeumwa ni mama. Moyo wake umechoka, na daktari ametuonya tusimpe mshtuko.

Dada anapiga simu kila jioni. Amesema Ijumaa anakuja, niwe nimesema au sijasema. Na hawa wazee wangu bado wanakula sahani moja. Jana nilimkuta baba anammenyea mama chungwa, anamtolea na mbegu, nikakimbilia jikoni kulia. Nikisema, naweza kumuua mama na kuvunja nyumba iliyonilea. Nikinyamaza, atakufa akimlilia mtu aliye hai, tena aliye safari ya nusu siku tu kutoka hapa.

Leo mama kaniuliza, "Mwajuma, una nini?" Nikasema ni uchovu wa moto wa jikoni. Akaniwekea mkono kichwani akanisomea dua.

Ndugu zangu mlio na wazazi wazee, nishikeni mkono. Mama nimwambieje, nianze na neno gani? Dada nimpokee Ijumaa au nimzuie? Ila nawaomba kitu kimoja, msinitukanie baba. Ni baba yangu.